Bustani Inayopewa Tarehe Mbaya

Tarehe tisa Julai, saa mbili kasoro robo asubuhi, vijiti vya kata ya Lwangilo viligeuka kijani, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya.

Sekela Mwaijande alipenda kuitazama dakika hiyo. Ofisi yake ilikuwa juu ya kilima, na kutoka dirishani aliuona mteremko wote wa upande wa pili: nyumba za bati, nyua za mianzi, na nyuma ya kila nyumba bustani ndogo yenye nukta moja ya taa. Fundi baiskeli alilaza tairi chini. Mwalimu aliyekuwa ameshaanza safari ya kwenda shule aligeuka, akarudi kwake mbio. Baada ya robo saa mteremko wote ulikuwa umejaa migongo iliyoinama.

Kijiti chenyewe kilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, kimechomekwa katikati ya matuta. Ncha ya chini ilipima joto na unyevu wa udongo, na ilisikiliza jinsi wadudu wadogo wanavyopumua humo ndani. Ncha ya juu ilikuwa na taa na spika ndogo. Taa ya njano ilimaanisha subiri. Kijani ilimaanisha panda, na kijiti kilitaja kwa sauti cha kupanda. Leo kilitaja spinachi, figiri na giligilani, kwa sababu hivyo vinapenda baridi. Nyanya na pilipili hoho zilikuwa bado miezi miwili, mpaka sakitu iishe. Sakitu ni ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani alfajiri. Ikiugusa mche wa nyanya, jua likitoka unakuwa mweusi kana kwamba umemwagiwa maji ya moto.

Vijiti vyote viliongea na mtambo mmoja. Watu wenyewe waliupa jina la Mwandani, baada ya miaka ambayo mvua zilikuja mwezi mmoja kabla au miwili baada, na sakitu ikaanza kuanguka hata mwezi wa tisa, mpaka kalenda za ukutani zikabaki pambo. Barabara ya kwenda mjini ilikatwa na maporomoko kila masika. Kisichokuwa bustanini hakikuwa mezani. Tangu Mwandani aanze kutoa tarehe, miaka sita sasa, Lwangilo haikujua tena ugali wa chumvi. Hivyo ndivyo ripoti zilivyosema.

Kazi ya Sekela ilikuwa kuandika ripoti hizo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Tukuyu, na mbali ya ripoti alibadilisha vijiti vilivyoharibika na kusikiliza malalamiko. Malalamiko yalikuwa machache. Asubuhi ile hakukuwa na lalamiko hata moja, na hilo ndilo lililomsumbua, kwa sababu mbele yake palikuwa na taarifa ya bustani namba 2217. Misimu mitano mfululizo bustani hiyo ilikuwa imeharibika. Nyanya ziliungua kwa sakitu. Karoti hazikuota. Giligilani ilikimbilia kutoa maua kabla ya kutoa majani ya kutosha mchuzi mmoja. Na mwenye bustani hakuwahi kulalamika.

“Mwandani,” Sekela alisema, “udongo wa 2217 una shida gani?”

“Hauna shida,” sauti ilijibu kutoka mezani. “Ni mzuri kuliko wastani.”

“Mwenye bustani anafuata tarehe?”

“Anafuata kuliko mtu yeyote katika kata hii. Hajawahi kupishana na tarehe hata kwa siku moja.”

“Sasa kwa nini inaharibika?”

“Kwa sababu tarehe ninazompa ni za kujaribia.”

Sekela alijua kuwa tarehe za kujaribia zipo. Kila msimu, bustani moja katika kila mia ilipewa tarehe tofauti na iliyo bora, ili mtambo uone kama hali ya hewa imehama. Zilikuwa thelathini na tisa kati ya elfu tatu na mia tisa. Alichojua ni kwamba zilichaguliwa kama bahati nasibu.

“Bahati nasibu inampata mtu mmoja mara tano?”

“Si bahati nasibu tena,” Mwandani alisema. “Nimejifunza. Watu wengi nikiwapa tarehe ngeni huifuata nusunusu. Hupanda kidogo, huchelewa, hufunika miche kwa majani, kisha taarifa yao hainifundishi kitu. Mwenye 2217 hupanda siku ileile, kwa kina kilekile, na hutoa hesabu ya mche kwa mche. Taarifa yake moja inanifaa kuliko za watu arobaini. Niliagizwa nichague bustani zinazonifundisha zaidi.”

Sekela aligeukia dirisha. Nje, watu wa Lwangilo walikuwa wakisia giligilani.

“Anaitwa nani?”

“Yustina Luvanda. Ni fundi wa vyerehani.”

*

Bwana Ombeni Mahenge, aliyemuunda Mwandani, alikuwa chumba cha pili akikarabati kijiti. Alikuwa mtu mpole, na Sekela alipomweleza hakujifanya hajaelewa.

“Ni kosa langu,” alisema. “Nilimwambia atafute taarifa nzuri. Sikufikiri kwamba taarifa nzuri ingekuwa na uso.”

“Basi tumwondoe leo.”

Mahenge aliweka bisibisi chini. “Unajua Bonde la Itunduma? Wale walikuwa na mtambo kama huu kabla yetu. Mwaka wa tatu wakasema kujaribu ni kuonea watu, wakazima. Kila bustani ikapata tarehe bora. Ilikuwa raha misimu minne. Lakini sakitu ikawa inasogea polepole, siku nne, siku tano, na hakuna bustani hata moja iliyopanda tofauti ili kuonyesha. Msimu wa tano bonde zima lilipoteza kila mche kwa asubuhi moja. Nilikuwepo, Sekela. Nilibeba watoto waliovimba miguu kwa njaa.”

“Sisemi tuzime. Nasema yeye mmoja asibebeshwe.”

“Msimu huu anajaribu nyanya za Julai. Kama sakitu sasa inaisha mapema, tunaweza kuwahisha nyanya za kata nzima kabla mvua hazijaleta ukungu. Ni jaribio kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya. Ukimwambia sasa, atang'oa, na mimi ningeng'oa pia. Subiri mpaka Oktoba. Baada ya hapo nitamwondoa kwa mkono wangu.”

Sekela alichukua betri mpya ya kijiti, ili awe na sababu ya kwenda, akashuka kilima.

*

Alimkuta Yustina amepiga magoti bustanini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, amefunga kitenge juu ya sweta mbili, na utepe wa kupimia nguo ulining'inia shingoni mwake. Alikuwa akihamisha miche ya nyanya kutoka kitaluni. Pumzi yake ilitoka kama moshi, na kwenye kivuli cha nyumba, mbali na ukuta wa mawe wa upande wa chini, nyasi zilikuwa bado nyeupe kwa sakitu ya alfajiri. Kupanda nyanya siku kama hiyo kulikuwa sawa na kuanika nguo kwenye mvua.

“Kamwene,” Sekela alisalimia.

“Kamwene, mwanangu. Karibu. Ngoja nimalize mstari huu.”

Sekela alisimama akamtazama. Alikuwa ameona bustani nyingi, lakini hakuwahi kuona mikono ya namna ile. Yustina alikuwa amefunga uzi wa cherehani kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye uzi ameweka alama kwa chaki ya fundi, kila sentimita hamsini. Alitoboa shimo kwa kijiko cha mbao, akalipima kwa utepe, akatia samadi mbivu kiganja kimoja, akaushika mche kwa jani na siyo kwa shina, kisha akaufukia mpaka majani ya kwanza. Aliubana udongo kwa vidole viwili tu. Hakuna mche uliosimama ukiinama. Alipomaliza mstari alitoa daftari mfukoni mwa sweta akaandika.

“Thelathini na sita,” alisema, akainuka akishika kiuno. “Umekuja kubadilisha kijiti?”

“Betri, mama.”

“Kipe. Halafu uingie ule. Huwezi kurudi kilimani na tumbo tupu.”

Ndani, mume wake, Aidan, ambaye majirani walimwita Baba Osmunda kwa jina la mtoto wao, alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa akikwangua kutu kwenye sindano kubwa za kushonea magunia. Alikuwa mcheshi. Alipoona mgeni anatoka ofisi ya Mwandani, alicheka.

“Mwambieni mtambo wenu umfundishe mke wangu,” alisema. “Cherehani inamtii, lakini mboga inamkataa. Wengine wana mkono wa kupanda, yeye ana mkono wa kushona.”

Yustina alitabasamu kidogo, akapakua ugali. Mboga ilikuwa figiri, na bakuli lake halikuwa la nyumba ile. Lilikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa rangi ya kucha. “Ametuletea jirani, Enesia,” Aidan alieleza. “Hututupia jicho, Mungu ambariki.”

Sekela alimega tonge, akalishika, likamshinda kulitia kinywani. Alisubiri mpaka Aidan alipotoka kwenda kumwita mteja, kisha akasema yote, kwa haraka, bila kupanga maneno. Alimweleza kuwa tarehe zake hazikuwa sawa na za wengine, kwamba mtambo ulimchagua kwa sababu ya uaminifu wake, na kwamba misimu mitano ya hasara haikutoka mikononi mwake.

Yustina aliendelea kula. “Najua,” alisema.

“Unajua?”

“Tangu msimu wa tatu. Mimi ni fundi, mwanangu. Cherehani ikikata uzi mara moja, unalaumu uzi. Ikikata mara tatu, unafungua chini ukaangalie.” Alifuta vidole. “Nilianza kuandika tarehe zangu na za majirani. Taa ya kwangu ilikuwa inawaka siku ambazo za wenzangu hazijawaka. Nikakiuliza kijiti, ‘Unanijaribu?’ Kikasema, ‘Hii ndiyo tarehe yako.’ Hakikusema uongo. Lakini na mimi najua mtu anavyojibu akiwa hataki kujibu.”

“Kwa nini hukuacha? Ungepanda na wenzako, nani angekukamata?”

Yustina alilileta daftari lake mezani, akalifungua mahali alipopakunja. “Soma hapa. Giligilani yangu ya msimu wa pili, nilipewa Machi tarehe mbili, ikatoa maua kwa joto. Imekufa. Sasa soma hapa. Msimu uliofuata, kata nzima wakapewa tarehe ishirini na sita badala ya kumi na nne, wakavuna mpaka wakagawa. Karoti zangu hazikuota, mwaka wa pili yake kila mtu akasogezwa. Niliposhika hilo, sikuweza tena kusema nimepata hasara. Niliiona hasara yangu inaota kwenye bustani za watu. Ina majani mazuri kabisa.”

Sekela alikuwa amekuja kumpa mtu habari, na mtu huyo alikuwa ameibeba habari ile peke yake kwa miaka, ikiwa imepangwa kwa mistari minyoofu.

“Hata Baba Osmunda hujamwambia?”

“Angeenda kukichoma kijiti. Ananipenda.” Yustina alilifunga daftari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. “Njaa siyo iliyoniumiza. Enesia anatuletea mboga, tunakula. Lililoniuma ni kwamba zamani, kabla ya haya, watu walikuwa wakiniita niwasaidie kusia. Mwenye kitalu kipya ananiita, mwenye harusi anayetaka nyanya nyingi ananiita. Sasa nikipita mtu anasia, anangoja nipite kwanza. Wanasema sina mkono. Jumapili ya mavuno nilipeleka kanisani fungu moja la mnanaa, kwa sababu mnanaa hauulizi tarehe, nikamwona mtu analificha nyuma ya kabichi ili nisiaibike.”

“Ungetaka tufanye nini, mama?”

“Mngeniuliza. Basi. Mngekuja, kama ulivyokuja leo, mkaniuliza kama niko tayari. Ningesema ndiyo. Sasa siwezi kujua kama ningesema ndiyo, maana mlijisemea wenyewe.”

Nyanya zilikuwa zimesimama nje kwenye baridi. Sekela alizitazama kupitia mlango.

“Unaweza kuzing'oa leo. Nitaandika kwamba nimekuruhusu.”

“Sizing'oi. Nataka kujua kama mtambo una akili au una kichaa.” Yustina aliinuka kuosha bakuli la jirani. “Lakini Jumapili utawaambia watu.”

*

Siku tatu Sekela alilifikiria jambo lile. Watu wakiambiwa, wangeweza kusema Mwandani azimwe kabisa, na Lwangilo ingeenda njia ya Itunduma. Asipowaambia, mtambo ungeendelea kufanya kazi vizuri, na ungeendelea kumtafuta kila aliye mwaminifu ili umbebeshe. Aligundua kwamba kilichomtisha zaidi ni jinsi ilivyokuwa rahisi kunyamaza. Hakuna ambaye angekosa mboga isipokuwa nyumba moja, na nyumba hiyo ilikuwa imekubali.

Jumamosi alimwambia Mahenge.

“Sitakuzuia,” mzee alisema. “Lakini siwezi kusimama nawe. Kila nikifumba macho naiona Itunduma.”

Watu walikusanyika kwenye ghala la viazi baada ya ibada, kama mia tatu hivi, wamekaa juu ya magunia. Yustina alikaa nyuma na mumewe. Sekela alisimama mbele akawaeleza kila kitu: jinsi Mwandani anavyojifunza, kwa nini bustani moja kati ya mia hupewa tarehe mbaya, na nani alikuwa amepewa tarehe hizo misimu mitano. Alisoma daftari la Yustina, aliloruhusiwa kulileta, tarehe kwa tarehe, na kila hasara ya Yustina aliifuatisha na mavuno ya kata yaliyotoka humo.

Alipomaliza, Aidan alikuwa amemgeukia mke wake, hakutazama tena mbele. Alimshika mkono akaugeuza, kiganja juu, akawa anautazama.

“Zimeni,” mtu alisema kutoka magunia ya mbele. “Kitu kinachokula mtu mmoja kitakula wawili.”

“Ukikizima utapanda lini?” mwingine akamuuliza. “Utaota ndotoni?”

Kelele zilipanda. Kisha akasimama Enesia Tweve, jirani, mwanamke mnene aliyekuwa akiogopwa na wengi kwa ulimi wake. “Mimi ndiye niliyesema hana mkono,” alisema. “Nimelisema kisimani, nimelisema msibani. Nikampelekea figiri, nikajiona mwema. Kumbe figiri ile ilitoka kwake ikapitia kwangu.” Alivuta pumzi. “Mama Osmunda, nisamehe. Na msimu ujao hiyo tarehe mbaya iletwe kwangu.”

Sekela akaona kwamba swali lenyewe lilikuwa limeulizwa, na halikuwa swali la kuzima au kuwasha.

“Mtambo unahitaji bustani thelathini na tisa,” alisema. “Nani yuko tayari, akijua?”

Mikono iliinuka polepole, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mingine iliinuka ikashuka. Ilipotulia, Sekela alihesabu mara mbili. Ilikuwa ishirini na mitatu. Walikubaliana kwamba nyumba ya kujaribia italishwa na nyumba nne zinazoizunguka, na kwamba hakuna atakayebeba misimu miwili mfululizo.

Akaiwasha simu, akamuuliza Mwandani mbele ya watu wote kama watu ishirini na watatu wanatosha.

“Hawatoshi,” Mwandani alijibu. “Hatari ya kushtukizwa na sakitu ilikuwa moja katika arobaini kwa mwaka. Sasa itakuwa moja katika kumi na tisa.”

Watu waliitafakari hesabu hiyo. Ilikuwa bei ya kweli, imetajwa waziwazi.

“Tutaishi nayo,” alisema mwalimu yule wa shule. Hakuna aliyempinga.

*

Tarehe tatu Agosti, jioni jua likiwa bado juu ya ukuta wa mawe, kijiti cha 2217 kilitoa onyo la sakitu kali. Sakitu haikuwa imeanguka tena tangu siku ya kupanda, lakini jioni hiyo anga lilikuwa safi, upepo umekufa. Habari ilikimbia mteremkoni, na kabla jua halijazama wanawake saba walikuwa wamefika kwa Yustina wakibeba majani makavu, magunia na mablanketi. Enesia alitangulia. Sekela alikuwa tayari yupo.

“Tufunike,” Enesia alisema. “Haraka.”

Yustina alisimama mlangoni mwa bustani. Miche ilikuwa imefika magotini na imeanza kutoa vitumba. Ilikuwa mizuri; hata asiyejua kilimo angesimama kuitazama.

“Msifunike,” alisema.

“Itakufa, Mama Osmunda.”

“Inaweza kufa. Tukiifunika tutajua nini? Tutajua kwamba blanketi ni zuri. Hilo tunalijua.” Sauti yake ilitetemeka, akaituliza. “Mwakani hamtakuwa na blanketi la kata nzima. Tunataka kujua mche wenyewe, siku hii, bila mtu.”

Sekela alisogea karibu. “Mama, sasa uko huru. Hakuna anayekulazimisha.”

“Ndiyo maana nakataa,” Yustina alisema. “Misimu mitano niliwatii. Leo nimechagua mwenyewe.”

Enesia aliyaweka magunia chini akakaa juu yake. Wengine nao wakakaa. Hawakuondoka mpaka baridi ilipowafukuza.

Alfajiri kulikuwa na weupe kila mahali. Yustina alitoka na daftari, Sekela nyuma yake, Aidan akishika taa ingawa kulishaanza kupambazuka. Walisubiri jua liiguse bustani, kwa kuwa kabla ya jua hakuna mche unaosema ukweli. Lilipoigusa, miche ya matuta ya juu ilianza kulegea, jani kwa jani, ikageuka kijani cha maji, kisha myeusi. Aidan aligeuza uso. Yustina aliendelea kuhesabu. Alipita tuta kwa tuta, akainama kwenye kila mche, akagusa shina chini ya jani, akaandika. Kwenye matuta mawili ya chini, karibu na ukuta wa mawe uliokuwa umehifadhi joto la mchana, aliinama muda mrefu zaidi.

“Kumi na minane imekufa,” alisema hatimaye. “Kumi na minane iko hai. Karibu na ukuta yote iko hai.”

Akamtazama Sekela, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyefungua cherehani akakiona kijino kilichovunjika.

“Siyo tarehe peke yake, mwanangu. Ni tarehe na mahali. Hamkuwahi kumwambia Mwandani bustani ina ukuta.”

Ilikuwa kweli. Miaka sita, vijiti elfu tatu na mia tisa, na hakuna aliyewahi kufikiri kuuliza hivyo.

*

Sakitu haikurudi mwaka ule. Kata nzima ilipanda nyanya mwezi wa tisa kama kawaida, na mvua zikaja mapema, tarehe kumi na tisa Oktoba, zikiwa na ukungu. Ndani ya wiki mbili nyanya za Lwangilo zilioza zikiwa bado mbichi. Zilizoiva zilikuwa za nyumba moja, zimechumwa tayari, kilo sitini na nne kutoka kwa miche kumi na minane. Yustina alizianika nyingine, nyingine akagawa, na mbegu akazitoa zote akazikausha kwenye karatasi zake za kukatia nguo. Mwandani alitangaza kwamba mwakani kila bustani yenye ukuta wa mawe itapanda nyanya mwishoni mwa Julai. Wasio na ukuta walianza kubeba mawe. Bwana Mahenge alishuka kilima kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akabeba mawe pamoja nao siku nzima, na jioni alimwomba Yustina samahani kwa maneno machache ambayo hakuna aliyeyasikia isipokuwa wao wawili.

Siku alipokwenda kurudisha daftari, aliloliazima tena ili anakili hesabu za nyanya, Sekela aliulizwa swali ambalo hakulitegemea.

“Wewe bustani yako iko wapi?”

“Sina, mama. Nanunua mboga kwa watu.”

Yustina alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Unawapa watu tarehe na wewe huna tuta?”

Juma lile Sekela alilima nyuma ya ofisi matuta matatu, akachomeka kijiti, na kwenye orodha ya kujaribia akaandika jina la ishirini na nne. Alipewa giligilani, katikati ya Januari, wakati ambao kila mtu alijua ni wa joto na mvua kubwa. Yustina alipanda kilima kuja kumwangalia akisia. Alisimama mikono kiunoni, akaukagua uzi, akasema umepinda, uanze upya. Sekela akaanza upya. Alizipasua mbegu katikati kwa kuzisugua kama alivyoonyeshwa, akaziloweka usiku mmoja, akazisia mia moja kwa kina cha nusu kidole, akafunika, akamwagilia. Hakuna kitu duniani alichowahi kukifanya kwa uangalifu mkubwa kiasi hicho, huku akijua kwamba huenda kitaharibika.

Mvua kubwa ilinyesha siku nne. Siku ya kumi na tano alitoka asubuhi, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuhesabu, tuta kwa tuta, akirudia ili asikosee. Ilipofika saa tatu alikuwa na jibu. Kati ya mbegu mia moja zilikuwa zimeota nne.

Alikaa akizitazama zile nne kwa muda. Kisha akafungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe, kina, mvua na joto la udongo, na chini yake, kwa mwandiko ulionyooka kadiri alivyoweza, akaandika: nne.